Vichwa Vidogo vya Treni na Reli Isiyofika Nyasa

Nazungumza nanyi wasikilizaji mlioko Namswea, Litembo, Maguu na Mbinga mjini. Nazungumza pia na wenzetu wa kule chini ziwani, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Vijana, nisikilizeni kwa makini, maana ninayoyasema leo yatawagusa ninyi kuliko sisi tuliotangulia.

Leo tunazungumza juu ya treni. Najua kuna mtu hapo nyumbani ameshaguna na kuuliza, treni inatuhusu nini sisi? Mtu wa Mbinga akitaka kupanda treni, kwanza apande basi hadi Songea, kisha ale barabara nyingine ya kilomita kama mia tatu hadi Makambako, ndipo aione reli ya TAZARA. Wapo watu wazima wenye wajukuu ambao hawajawahi kusikia mlio wake. Ni kweli. Lakini kila mara inapozungumzwa reli ya kutoka Mtwara kuja Mbamba Bay, sisi ndio tunaotajwa. Na mtu asiyejua reli huishi kwa kitu gani, na hufa kwa ugonjwa gani, hawezi kuuliza swali la maana siku wapimaji watakapofika kijijini kwake na kamba zao.

Kwa hiyo leo nitawasimulia habari za vichwa fulani vya treni vilivyotengenezwa Uingereza na kuletwa Afrika Mashariki enzi za mvuke. Sitaanza na vile vikubwa vilivyopigwa picha na watalii. Nitaanza na vile vidogo, vilivyokuwa vikibeba maji yao ubavuni, vilivyofanya kazi bandarini na kwenye stesheni mchana na usiku bila kuimbwa na mtu. Nimevichagua kwa sababu, kwa maoni yangu, ndivyo kipimo cha uhai wa reli. Mahali palipokuwa na kazi ya kutosha kukilisha kichwa kidogo cha aina hiyo, reli ilidumu. Mahali ambapo kazi hiyo haikuwepo, reli iling'olewa.

Tuanze na mashine yenyewe. Kichwa cha mvuke kinahitaji vitu viwili, moto na maji. Moto unachemsha maji ndani ya boila, mvuke unakusanyika kwa shinikizo kubwa, unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele na nyuma, na pistoni zinazungusha magurudumu kwa fito za chuma. Mvuke ukishafanya kazi yake hutoka kupitia bomba la moshi, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa kupumua kwa vishindo. Maana yake ni kwamba maji yanatumika na kwisha. Hayazunguki kama kwenye rejeta ya gari. Kila kishindo unachosikia ni maji yanayokwenda zake angani.

Sasa, maji hayo yabebwe wapi? Kichwa cha safari ndefu kilivuta nyuma yake behewa maalumu la maji na kuni au makaa, ambalo watu wa reli waliliita tenda. Kichwa kidogo hakikuwa na tenda. Kilibeba maji yake mwilini, katika matangi mawili marefu yaliyokaa pande zote mbili za boila, na kuni au makaa katika kisanduku nyuma ya dereva, kama mkulima aendaye shambani na kibuyu chake kiunoni. Hawezi kwenda mbali sana, lakini hahitaji mtu wa kumbebea.

Mpango huo ulikuwa na faida tatu. Ya kwanza, kichwa kilikuwa kifupi, kikaweza kupita kwenye kona kali za bandarini na kwenye maghala. Ya pili, kiliweza kwenda mbele na kurudi nyuma sawasawa, kwa kuwa dereva hakuzibwa macho na tenda. Kichwa chenye tenda kilipofika mwisho wa njia kililazimika kugeuzwa. Hiki hakikuhitaji kugeuzwa. Ya tatu, uzito wa yale maji ulikaa juu ya magurudumu yanayovuta, na uzito ndio unaofanya chuma kishike chuma bila kuteleza. Hasara yake nayo ilikuwa humo humo. Kadiri maji yalivyopungua, kichwa kilikuwa chepesi na mshiko ukapungua. Tena matangi yalikuwa madogo, kwa hiyo hakikuthubutu kwenda mbali na bomba la stesheni.

Suala la maji halikuwa dogo katika nchi yetu hii ya Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, haikwenda mbali kabla ya kuingia katika nyika ya Taru, nchi ya miiba isiyo na mto. Wajenzi walilazimika kuletewa maji kwa treni, yaani reli ilikuwa ikijibebea maji ya kujijengea yenyewe. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Huku kwetu, Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, na reli ya kati ikaondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, mwaka ule ule vita vilipoanza. Njia zote hizo zilikuwa na upana wa mita moja kati ya reli na reli.

Mizigo ilipoongezeka baada ya Vita vya Kwanza, stesheni na bandari zilianza kusongamana. Treni moja ndefu ikifika Mombasa ilikuwa na mabehewa ya pamba ya Uganda, ya kahawa, ya mahindi, na ya bidhaa za wenye maduka. Yote yamefungwa pamoja, lakini kila moja lina mahali pake pa kwenda. Lazima mtu ayafungue, ayachambue, ayapange upya. Kwa kazi hiyo reli ya Kenya na Uganda iliagiza vichwa kutoka kiwanda cha Vulcan Foundry, mji wa Newton-le-Willows, kaskazini mwa Uingereza. Viliingia kazini kati ya mwaka 1926 na 1930, jumla yake 27, vikaitwa aina ya ED1. Ukivihesabu magurudumu unapata mawili mbele ya kuongozea, sita katikati yaliyounganishwa kwa fito ili yavute kwa pamoja, na mawili nyuma ya kubeba uzito wa kuni na makaa. Reli ya Tanganyika nayo ilichukua vichache vya mtindo huo huo kutoka kiwanda hicho hicho, ikaviita aina ya ST.

Mwaka 1948 reli za nchi zote tatu ziliunganishwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na vichwa vikapewa namba mpya. Vile vya ED1 vikawa daraja la 11. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaja daraja la 13, vichwa 18 kutoka kiwanda cha North British mjini Glasgow, Uskoti. Hivi vilikuwa vizito zaidi, vyenye magurudumu manane ya kuvuta badala ya sita, lakini kazi ilikuwa ile ile ya kusukuma na kuvuta, kufungua na kufunga.

Hebu tuisogelee kazi yenyewe kidogo. Piga picha ya uwanja wa mabehewa alfajiri, njia zimetandazwa sambamba kama matuta. Mpangaji wa mabehewa amesimama chini, mkononi ana taa au kibendera. Yeye ndiye anayejua kwamba behewa la tano liende ghala la pamba na la sita liende kwenye gati. Anainua mkono, dereva anafungua mvuke kidogo tu, kichwa kinasogea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kinagusa behewa, vyuma vinalia. Kijana mmoja anaingia kati, anafunga kiungio, anatoka haraka. Akichelewa kidogo, au dereva akikosea ishara, kijana huyo anabanwa. Haikuwa kazi ya mchezo. Kisha mkono unainuliwa tena, na mambo yanaanza upya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa saa nane, na mwisho wa zamu kichwa kimetembea siku nzima bila kuondoka stesheni.

Ndani ya kichwa mnakuwa wawili, dereva na mchochea moto. Watu humwangalia dereva, lakini mwenye roho za wote mikononi ni yule mchochea moto. Mbele yake kuna kioo chembamba kilichosimama wima, kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Kioo hicho hakipaswi kutoka machoni pake. Maji yakishuka chini ya paa la sanduku la moto, chuma kinabaki kikiungua bila kupozwa, kinalegea, na boila linaweza kupasuka. Ndiyo maana mafundi waliweka kwenye paa hilo plagi yenye risasi ndani yake. Joto likizidi, risasi inayeyuka na mvuke unamwagika juu ya moto na kuudhoofisha. Boila likapona, lakini mchochea moto alikuwa na mengi ya kujieleza mbele ya mkuu wake. Kwa hiyo alikuwa akilisha moto kwa jicho moja na kutazama kioo kwa jicho la pili, katika joto ambalo mtu wa Litembo, aliyezoea baridi ya milimani, asingeliweza kwa dakika kumi.

Nimesema sitaanza na vichwa vikubwa, lakini sikusema nitaviacha. Wakubwa wa reli walikuwa na tatizo. Reli zetu zilikuwa nyepesi na njia ilikuwa na milima. Kichwa kizito kingezivunja reli, na kichwa chepesi kisingeuweza mzigo. Dawa ilitoka kwa mhandisi Mwingereza aitwaye Herbert William Garratt, aliyepewa hataza ya wazo lake mwaka 1907. Yeye alichukua boila moja kubwa, akalitundika katikati kama daraja, na mbele na nyuma yake akaweka seti mbili za magurudumu zenye silinda zao, zinazoweza kupinda kila moja peke yake kwenye kona. Tangi la maji likakaa juu ya seti ya mbele, maji mengine na mafuta yakakaa nyuma. Kwa namna fulani ni yule mdogo wetu amekuzwa. Naye hana tenda, naye anajibebea maji yake mwenyewe. Uzito wake umetandazwa juu ya magurudumu mengi, reli hazilii.

Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester ndicho kilichovitengeneza. Vya kwanza vya reli ya Kenya na Uganda vilifika mwaka 1926, mwaka ule ule wa wale wadogo wa Vulcan. Kilele chake kilikuwa daraja la 59, vichwa 34 vilivyoletwa mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 na ushee, kikaweza kupanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi na treni ya tani 1,200. Duniani kote, kwenye njia ya upana wa mita moja, hakikuwepo kichwa cha mvuke chenye nguvu kama hicho. Safari ilikuwa ndefu hata wakawekwa wafanyakazi wa zamu mbili, zamu moja ikiendesha na nyingine imelala katika behewa lao nyuma ya kichwa.

Sasa sikilizeni hapa. Vichwa vile 34 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kulikuwa na Mlima Kenya, Kilimanjaro, Meru, Elgon, Hanang na milima ya Uluguru. Na kutoka kusini kwetu kulikuwa na Mlima Mbeya, Mlima Rungwe na Mlima Mtorwi ule wa Kitulo. Majirani zetu kabisa. Mabamba ya majina hayo yalipita Voi na Mtito Andei kila wiki, yakang'arishwa na madereva waliojivunia vichwa vyao. Lakini Rungwe kwenyewe na Mbeya kwenyewe, wakati huo, hapakuwa na reli hata hatua moja. Jina la mlima lilipata tiketi, watu wa mlima hawakupata. Daraja jingine la Garratt, lile la 60, lilipewa majina ya magavana wa kikoloni, nayo mabamba yake yakabanduliwa baada ya uhuru. Majina ya milima yaliachwa, maana mlima haukumtoza mtu kodi ya kichwa.

Kulikuwa na daraja la 30 pia, lenye majina ya makabila, lililopewa tenda kubwa makusudi kwa ajili ya nchi kame ya reli ya kati. Kimoja chake kinaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, ambao ukame wanaujua bila kufundishwa. Kichwa hicho, pamoja na Mlima Gelai na Mlima Shengena wa lile daraja la 59, vimehifadhiwa Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mwenye nafasi akifika huko aende akavitazame.

Tugeukie kusini sasa, maana ndiko kwenye somo. Wazo la reli ya kuja Ziwa Nyasa si la jana. Wajerumani walilipima mwanzoni mwa karne ya 20. Mtaalamu wao Paul Fuchs alizunguka na msafara wake akitazama njia ya kutoka Kilwa hadi ziwani, akiandika habari za mazao, watu na mizigo. Reli haikujengwa. Vita vya Majimaji vikaja, kisha Vita Kuu, na makaratasi yakabaki makaratasi.

Reli iliyojengwa kusini ilikuja na karanga. Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Kwa ajili ya Nachingwea wakajenga bandari mpya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ya kuingia bara, iliyoanzia kwanza Mkwaya karibu na Lindi kabla ya kuunganishwa na Mtwara. Wahenga walituonya tusikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Hapa mbeleko ilikatwa, ikashonwa na kutiwa nakshi. Ardhi ya Kongwa ikakauka na kuwa ngumu kama sakafu, mvua ikakosa, visiki vikavunja majembe, na mwezi Januari 1951 mpango ukatangazwa umekwisha, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zilishakuwa hadithi.

Reli ilibaki. Ikapewa hata tawi la kwenda Masasi. Lakini itabeba nini? Korosho na mkonge kwa msimu, na baada ya msimu kimya. Hapakuwa na uwanja wa mabehewa wenye kazi ya kila siku. Hapakuwa na kiwanda cha kupelekewa malighafi asubuhi na kuchukuliwa bidhaa jioni. Hapakuwa na mzigo wa kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa na reli zikang'olewa. Haikufikisha hata miaka 15. Linganisheni na vile vichwa vidogo vya mwaka 1926, ambavyo uhuru wa nchi zetu ulivikuta bado vinasukuma mabehewa, vina umri wa zaidi ya miaka 30. Reli iliyojengwa kwa fahari ya zao moja ilikufa kijana, na kichwa kidogo cha kazi za kila siku kikazeeka kazini.

Mtasema, basi mvuke haukuwahi kufika kwetu. Ulifika, lakini kwa njia ya maji. Meli ya mvuke ya Kijerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa ikitembea ziwani tangu miaka ya 1890. Mwezi Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, ikifanyiwa matengenezo. Meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikaja ikaipiga mizinga na kuiharibu. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, na Rhoades alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Wenzetu wa Liuli, moja ya mapambano ya kwanza ya vita vile katika Afrika Mashariki lilipigwa mlangoni penu, na lilipigwa kati ya meli mbili za mvuke.

Kuna jambo jingine linaloniuma kidogo. Vichwa vya treni vya Afrika Mashariki vilikula kuni kwa miaka mingi, hata misitu iliyo karibu na njia ikakatwa. Vilikula makaa yaliyotoka ng'ambo. Kisha baada ya Vita vya Pili vikageuzwa kula mafuta mazito, nayo ya kuagiza. Wakati wote huo makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu yalikuwa yamelala ardhini, nayo yalijulikana tangu enzi za Wajerumani. Leo makaa ya Ngaka, hapa hapa wilayani Mbinga, yanachimbwa, na yanasafiri kwa malori. Mnayajua malori hayo, na barabara zetu zinayajua zaidi. Chakula cha vichwa vya mvuke kilikuwa kwetu, vichwa vikawa kwa wengine. Tulipopata barua ya mwaliko, karamu ilikuwa imekwisha.

Imekwisha kwa sababu mvuke wenyewe ulikwisha. Kichwa cha mvuke kinahitaji saa nyingi za kuwashwa kabla ya kuondoka, kinahitaji boila lake lioshwe mara kwa mara, kinahitaji maji kila mahali. Kichwa cha dizeli unakiwasha na kuondoka. TAZARA ilipojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza moja kwa moja na dizeli. Mbeya ikapata reli hatimaye, ila kile kichwa chenye jina lake hakikukanyaga huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, shirika la reli likagawanywa vipande vitatu, na wazee wa chuma wakamalizikia kwenye maegesho na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na mwaka 2024 tumeona treni ya umeme ikianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hatajua moshi wa treni ni kitu gani.

Sasa tufike kwenye lile lililonileta kwenye kipaza sauti. Reli inayopendekezwa kutoka Mtwara kupitia Songea na Mbinga hadi Mbamba Bay, na matawi yake ya Mchuchuma na Liganga, inafikia kama kilomita 1,000. Katika mikutano tutaambiwa habari za tani za makaa na tani za chuma. Sizibezi hata kidogo. Makaa na chuma ndivyo vitakavyolipa deni. Lakini makaa na chuma ni mzigo wa mwenye mgodi, unapita mbele ya mlango wako kama ulivyopita mbele ya wengine. Mgodi ukifungwa, au bei ya dunia ikianguka, tutabaki na swali la Nachingwea, itabeba nini?

Kwa hiyo tukiitwa kwenye mkutano tusiulize tu treni itakimbia mwendo gani, wala tusishangilie urefu wa daraja. Tuulize mambo ya kichwa kidogo. Je, Mbinga itakuwa na uwanja wa mabehewa, au ni kituo cha kupungia mkono? Je, kiwanda cha kukoboa kahawa kitakuwa na njia yake ya pembeni, ili behewa lipakiwe pale pale bila lori? Chama cha msingi cha Namswea chenye magunia ya kahawa kitaweza kukodi behewa moja, au utaratibu utakuwa ni treni nzima au huna? Mahindi ya Songea na samaki na dagaa wa Nyasa vitapata behewa siku gani, na lenye ubaridi au la? Treni ikirudi kutoka Mtwara itarudi na nini: mbolea, saruji, mabati, au upepo? Na gati la Mbamba Bay, mzigo wa Malawi ukifika pale, nani ataupanga, vijana wetu watakuwa wamefunzwa, au watakuwa wakitazama kwa mbali?

Haya si maswali ya wahandisi peke yao. Aliyewahi kusubiri lori la mbolea mpaka mvua zikamkuta anaweza kuyauliza vizuri kuliko mhandisi. Wale waliopanga reli ya karanga walikuwa na wataalamu, walikuwa na fedha, walikuwa na mashine za kutisha. Walichokosa ni mtu wa Nachingwea mwenye nafasi ya kusimama na kuuliza: mwaka ambao karanga hazikustawi, treni hii itafanya kazi gani siku ya Jumanne?

Ninyi mnayo nafasi hiyo. Mikutano ya vijiji ipo, madiwani wapo, vyama vya ushirika vipo. Andikeni maswali yenu sasa, kabla ramani haijapigwa mhuri, maana njia ya pembeni ikisahauliwa kwenye mchoro, kuiongeza baadaye ni gharama nyingine na miaka mingine. Mwenye hoja tofauti na yangu namkaribisha aje tubishane hapa hapa redioni juma lijalo.